Salamu kwa Mtemi

Haya yalimpata Modesta, jirani yangu wa Buzuruga, alipokwenda ukweni Sengerema. Mama mkwe alimtuma achukue mahindi katika nyumba ya zamani ya mtemi wao, aliyekataa kuwainamia Wajerumani, wakamfunga minyororo na hakurudi tena.

"Msalimie kwanza, mwanangu. Asiyemsalimia hunyang'anywa alichobeba."

"Ndiyo, mama," alijibu Modesta, ila moyoni alicheka. Nani husalimia magunia?

Aliingia kimya, mtoto wake mchanga mgongoni. Mlango ukajifunga. Gizani akasikia minyororo ikiburutwa polepole, ikimkaribia. Mtoto akaacha kuhema. Modesta akapiga magoti.

"Shikamoo, babu! Niachie mwanangu!"

Minyororo ikanyamaza.

"Marahaba," ikajibu sauti nzito ya mzee, kutoka ndani ya mbeleko.