Nyota Iliyoitwa Mama

Nyota isiyobadilika ilibadilika. Kidogo tu, kiasi kwamba mpimaji aliyalaumu macho yake. Usiku wa tisa bila usingizi mtu huweza kuamkia hata kiti.

Kazi yake ilikuwa kupima mng'ao wa asteroidi, mawe madogo ya angani yanayokatiza karibu na Dunia. Jiwe hulinganishwa na nyota tulivu iliyo jirani yake, na nyota hiyo hupewa jina la utani daftarini. Hii aliiita Mama, maana mama yake, anayeumwa nyumbani, ndiye pekee aliyekuwa hajawahi kumgeuka. Hesabu zenyewe wakongwe wa fani walizipindua: namba ikipanda, mwanga umeshuka. Wanafunzi wapya huzicheka siku ya kwanza, kisha huzizoea.

Jiwe liling'aa na kufifia kila baada ya dakika kumi na moja, kama kitu kinachopumua. Usiku huu, kila lilipong'aa, Mama alififia, na chumba kikanuka nywele zilizoungua.

Simu ikalia. Alikuwa mganga, aliyeletwa nyumbani kwa mgonjwa na mama mdogo wa mpimaji. Alimweleza kwamba pumzi ya mgonjwa inakatika na kurudi, kila baada ya dakika kumi na moja. Mpimaji alikuwa na shahada mbili na hakuwa na muda wa majini, lakini dakika hizo alikuwa hajamtajia mtu.

"Umemtia mama'ko kwenye mizani moja na jini," mganga alinong'ona. "Futa jina, mwanangu."

Akalifuta. Mganga akasoma, akapuliza, akasoma tena, mpaka sauti ikamkauka.

"Namba ya nyota inasemaje?"

"Inapanda, mzee."

"Inapanda? Basi jini amemwachia. Ngoja nami nikalale." Akakata.

Mpimaji akaegemea kiti, akafumba macho, naye akafurahi kama mjinga yeyote asiye na shahada, mpaka lile neno inapanda likamrudi kichwani likiwa limepinduka, akaikwapua simu, akapiga nyumbani, ikaita, ikaita, ikapokelewa, na hakuna aliyesema hujambo wala nani mwenzangu, ila kitu kilivuta pumzi, ndefu, yenye nguvu ambazo mama yake hakuwa nazo tangu mwaka jana. Na kwenye kioo cha kompyuta, jiwe likang'aa.