Ukinikanyaga Sisikii

"Kaka! Kaka wa shati jeupe! Umeacha ndala!"

Soko zima liligeuka, isipokuwa mwenye ndala. Alikuwa fundi cherehani, shati limenyooka kama la bwana harusi, mguu mmoja peku, wala hana habari. Muuza viatu akamkimbilia, gauni lake la manjano likipepea.

"Ndiyo mbinu mpya ya kutongoza?" binti aliuliza, akimpa ndala yake.

"Kwani imeshindwa?"

Wakacheka, na kicheko hicho ndicho kilichowaponza. Wakapendana, simu asubuhi, simu usiku, mpaka shangazi aliyemlea binti akataka kumwona kijana.

"Sikia, kipenzi," binti alisema kwenye simu. "Shangazi hapendi pupa. Nikiona amelainika, nitakukanyaga chini ya meza. Hapo hapo toa neno la posa."

"Sawa, laazizi," fundi alijibu.

Angesema nini? Virusi vya Ukimwi vilimharibia mishipa ya fahamu kabla hajaanza dawa. Dawa zilivibana virusi, daktari akamhakikishia hataambukiza mtu, lakini ganzi ya miguu haikuondoka. Kutaja ganzi ni kutaja chanzo chake.

Basi mezani akamkodolea binti macho, akitafuta dalili usoni. Binti akamkanyaga. Akamkanyaga tena, kwa kisigino. Fundi akasifu chai. Shangazi akachukua mkoba wake, akaaga.

"Umenidhalilisha," binti alimwambia kwenye simu, akilia. "Usinipigie tena."

Fundi alipiga, alipiga, haikupokelewa. Hakula, hakushona. Mwishowe akaenda sokoni, liwalo na liwe.

Muuza viatu ni muuza viatu: alitazama miguu kwanza.

"Damu! Umekanyaga msumari!"

"Mguu upi?"

Binti akaduwaa. Hapo fundi akamwambia yote.

"Ndiyo maana hukukubali kulala kwangu?"

"Ndiyo. Niliogopa utakimbia. Na kwa miguu hii, kukufukuza siwezi."

Binti alilia bila kujificha, wateja wakimtazama. Kisha akachuchumaa, akang'oa msumari, akambonyeza kidole gumba cha mguu.

"Unasikia?"

"Sisikii."

Kifundo. "Hapa?"

"Bado."

Mkono ukapanda mpaka gotini.

"Hapo nasikia," fundi alisema, machozi yakimtiririka.

"Basi shangazi nitamwita tena. Safari hii nitakufinya goti."

"Na ganzi ikipanda?"

"Nitasema kwa mdomo, mbele yake, kwamba nakutaka."