Kilio cha Chumba cha Pampu

Kila Jumamosi, akishafua sare zake, Kidole humsaidia shangazi yake katika chumba cha pampu. Walimpa jina hilo kwa sababu ya vidole vyake vyembamba, vinavyopenya pale mkono wa fundi usipofika. Shangazi ndiye fundi wa pampu inayopeleka maji mtaa mzima.

Siku hiyo walikuwa wakifunga kaplingi mpya, vipande viwili vya chuma vyenye mpira katikati, vinavyounganisha shafti ya mota, ule mtaimbo unaozunguka, na shafti ya pampu. Shafti zikipishana hata kidogo, kaplingi hujila yenyewe. Shangazi alipima mwanya kati ya vipande hivyo viwili, juu na ubavuni, kwa kibati chembamba. Upande wa nyuma, palipobanana na penye giza kando ya kisima, aliachiwa Kidole.

"Haya, mwanangu, pitisha kibati kwenye huo mwanya. Kinabana au kinapwaya?"

Kidole aliinama. Hewa baridi ilipanda kutoka kisimani ikamgusa shavu. Wenzake walishamjaza maneno kwamba mle kuna mtu alizama, hakuonekana tena. Nywele zikamsimama. Hakupitisha kitu.

"Kiko sawa, shangazi."

"Umeona kwa macho yako?"

"Nimeona."

Shangazi akafunika kaplingi, akawasha pampu. Ilinguruma vizuri tu. Lakini alasiri mtaa ulisikia kilio. Kilikuwa kirefu, kama cha mwanamke aliyefiwa, kikikatika na kuanza upya. Kilisafiri ndani ya mabomba kikatokea jikoni kwa kila mtu. Ndoo zikaachwa zimejaa nusu. Muuza mkaa, anayejigamba kwamba haogopi chochote, alikumbuka ghafla kuwa ana kazi nyumbani.

"Yule wa kisimani ameamka," watu walinong'ona.

Shangazi akachukua tochi. "Mashine hailii bure. Naenda kuisikiliza inaumwa wapi."

Kidole alimfuata. Chumbani kulinuka mpira ulioungua, na unga mweusi ulitapakaa sakafuni. Kifuniko cha kaplingi kilikuwa kikitetemeka. Shangazi akapiga magoti, akaanza kusogeza sikio.

"Shangazi, usiiname! Sikupima! Nilidanganya, niliogopa kisima!"

Shangazi aliruka nyuma, akazima swichi. Kilio hakikukatika papo hapo. Kilididimia polepole, kikazamia kisimani, halafu kimya.

Walipofungua kifuniko, mpira ulikuwa umesagika. Bolti moja ilining'inia, karibu ichomoke. Shangazi aliitazama, akagusa shavu lake mwenyewe. Kidole akaanza kulia.

Wakaweka mpira mpya, wakakaza bolti upya. Safari hii Shangazi alimulika nyuma, na Kidole akapitisha kibati. Kilibana. Wakatia bati jembamba chini ya mguu wa mota ili shafti zilingane, wakapima tena pande zote mpaka kibati kikapita sawasawa. Pampu ilipowashwa, ilinguruma bila kulia.

"Kuogopa si kosa, mwanangu," Shangazi alisema. "Ungeniambia unaogopa, ningekushikia taa. Lakini ukisema umeona kitu ambacho hukukiona, mimi nakuamini, na kichwa changu ndicho ninachokiweka pale."