NANI ALIKATA USO WA WIFI YANGU?

Uso haukuwepo!

Jamani, naomba mnielewe. Mchoro ulikuwepo ukutani. Mabega yalikuwepo, mikono ilikuwepo, kisu na ndizi vilikuwepo... ila pale penye uso palikuwa na tundu! Limekatwa kwa wembe, safi kabisa, unaona ukuta wa nyuma.



Na ule haukuwa uso wa kubuni. Ulikuwa uso wa wifi yangu Agness, mke wa kaka yangu Jairo.

Ngoja niwaeleze, maana wengine humu mlikuwa hamjazaliwa.

Ni Juni 1997, Tukuyu. Mimi Atupele, kidato cha nne, mtoto wa mzee Ambindwile, mkulima wa kahawa na ndizi kule Masoko. Miaka ile mambo yalikuwa yamefunguliwa, kila mwenye akili anafungua chake. Huyu duka la mitumba, yule zahanati, yule shule.

Mwalimu Hezron naye katoka Dar na brashi zake, akafungua kozi ya likizo. Uchoraji na ubunifu kwa wanafunzi wa sekondari, wiki nne, kwenye ukumbi wa kukodi nyuma ya soko. Siku ya mwisho anakuja mgeni kutoka chuo cha sanaa kuangalia kazi na kuchagua watu wa mwakani.

Wiki ya kwanza tulichora mistari tu mpaka vidole vikauma. Wiki ya pili vivuli. Ya tatu mwalimu akasema:

"Chagueni mtu mnayemuona kila siku. Mchoreni mpaka mumjue."

Nilikuwa naishi mjini kwa kaka Jairo, kwa hiyo nikamchagua Agness. Kila mchana anamenya ndizi, mimi namchora kwa mkaa. Mchoro wa mwisho ulikuwa mkubwa kama mlango wa kabati. Mwalimu alipouona akasema:

"Nafasi hii ni yako. Ila fomu lazima baba yako aisaini mbele ya mgeni, siku hiyohiyo."

Hapo ndipo palipokuwa na shida. Baba alikuwa ameshasema lake:

"Kuchora ni kuandika bei kwenye milango ya baa. Nitakuja nione mwenyewe. Nikiona upuuzi, unarudi Masoko, na habari ya chuo iishie hapo!"

Mnaelewa sasa? Baba yuko njiani, kapanda pikapu ya wale wanunuzi binafsi wa kahawa... na mimi nimesimama mbele ya mtu asiye na uso!

Nikamkimbilia Muddy, mlinzi wa ukumbi.

"Muddy, nani kaingia humu?"

"Hajaingia mtu, dada. Labda yule mama."

"Mama gani?"

"Alikuja alfajiri, ukungu umejaa. Kajitanda kanga mpaka machoni. Akasema katumwa kufagia."

Damu ikanichemka. Nani mjini hapa anajitanda mpaka machoni? Akili yangu ilikimbia moja kwa moja kwa mama yake Tausi!

Tausi alikuwa rafiki yangu pale kozi, binti wa mzee Abdala wa duka la vitambaa. Alikuwa anabuni maua ya kanga, fundi kweli kweli, na wembe haukumtoka mkononi maana alikuwa anakata karatasi za kupigia chapa. Na nafasi za chuo zilikuwa chache.

Nikamfuata pale kwenye meza yake, nikamkwida kola mbele ya watu wote.

"Umemtuma mama yako!"

"Kufanya nini?"

"Kumkata wifi yangu uso! Mmeupeleka kwa mganga gani? Sema!"

Tausi alinitazama, machozi yanamlenga.

"Atupele... mama yangu yuko Kyela tangu Jumatano. Msibani."

Nikamwachia kola.

Kama sio yeye, ni nani?

Hapo woga ukanishika vibaya. Mtu akate mchoro wote, sawa, ni wivu. Lakini akate uso peke yake, aondoke nao? Sisi wa Rungwe tunajua uso wa mtu unapelekwa wapi. Nikamuwaza Agness. Nikatoka mbio!

Nyumbani mlango umefungwa. Nikaenda kwa jirani, mama Felista, nikamkuta kambeba mtoto wa Agness.

"Wifi yuko wapi?"

"Sijui, mwanangu. Kaniachia mtoto akaondoka. Alikuwa anatetemeka mwili mzima."

Mungu wangu... imeshaanza kufanya kazi!

Nilirudi ukumbini nalia njia nzima. Nikamwambia mwalimu Hezron autoe ule mchoro.

"Mgeni ameshaingia," akasema. "Ukiutoa huna kazi ya kuonyesha. Uache."

Meza ya Tausi ilikuwa tupu. Alikuwa amekusanya vitambaa vyake akaondoka.

Na mlangoni, kofia mkononi, matope mpaka magotini, alikuwa amesimama baba.

Alianza upande wa kushoto, polepole. Mbele ya bakuli la matunda la mtoto mmoja wa Kiwira akaguna, "Parachichi gani hili?" Watu wakacheka. Mimi nilikuwa nahesabu picha zilizobaki kabla ya yangu. Nne... tatu... mbili...

Akafika.

Akatazama mara moja tu. Halafu akageuka ghafla, akaupa mchoro mgongo, kichwa chini, akasogea pembeni kama mtu anayempisha mwenzake njiani.

Nikajua imekwisha.

Mgeni, mama mmoja mpole mwenye miwani, akamsogelea.

"Mzee, hujaipenda?"

"Mama, nisamehe. Huyo ni mkwe wangu. Siruhusiwi kumtazama."

"Lakini hana uso, mzee!"

"Uso wake mimi siujui. Ana miaka sita kwangu, sijawahi kuutazama. Namjua kwa kukaa kwake. Hivyo ndivyo anavyokaa uani kule nyumbani akija kututembelea, nikimuona kwa mbali, kabla hajanisikia nakohoa akakimbia migombani."

Ndugu zangu... nilihisi nimemwagiwa maji ya baridi.

Kwetu Wanyakyusa, mke wa mtoto na baba mkwe hawaonani. Wakikutana njiani mmoja anaingia kichakani, mwanamke anajifunika kanga mpaka machoni. Tunaita kutila. Kwa vijana wa siku hizi ni hadithi, ila kwa baba ilikuwa kama sala. Nimezaliwa nayo, nimekua nayo. Halafu mimi, mtoto wa nyumba ile, nikachukua uso wa mkwe wake, nikautundika katikati ya ukumbi ili asimame autazame mbele ya watu!

"Huo uso ungekuwepo," baba akaendelea, bado kaupa mgongo, "ningetoka humu, na nisingeongea tena habari hii. Leteni hiyo fomu."

Sikuamini masikio yangu.

"Baba?"

"Gwe Atupele, mimi nilidhani unaandika bei za pombe. Umenifanya nimpishe mtu ambaye hayupo! Lete fomu, mwanangu."

Alisaini akiwa ametazama mlango.

Agness nilimkuta jioni jikoni. Nilipomuona mzima nikamkumbatia mpaka mwiko ukamdondoka.

"Ni wewe," nikamwambia.

"Ni mimi. Kutwa nimejificha nisikutane na baba. Wifi, unisamehe. Wembe ulikuwa wako."

"Kwa nini hukuniambia?"

Akanitazama kwa mshangao.

"Si nilikuambia jana? Nilikuuliza, 'Na baba atakuja?' Ukasema atakuja. Nikakuomba uutoe mchoro. Ukasema, 'Acha ushamba wifi, hii ni sanaa.' Ukacheka."

Ni kweli. Alinieleza. Tangu nianze kuandika hapa nimewaficha hilo kwa aibu, na siku ile mwenyewe nilikuwa nimeshalisahau, kwa sababu sikuwa namsikiliza. Wiki nzima nilikuwa namtazama mpaka kope, na sikumsikia neno hata moja.

"Na uso uko wapi?"

"Nimeuchoma. Ningeuweka ndani, siku moja baba angekuja akaukuta."

Akachochea moto.

"Ulikuwa mzuri, wifi. Mimi sijawahi kujiona hivyo. Nilikaa nao kidogo kwanza."

Nililia siku ile, na leo naandika nalia tena.

Chuo nilienda. Ajira nikapata, maisha yakaenda. Lakini yule mgeni alichukua watu wawili kutoka kozi yetu, na wa pili alikuwa mtoto wa parachichi. Mwalimu Hezron aliniambia baadaye nafasi ile ya pili alikuwa ameshampendekezea Tausi. Mgeni alimuuliza, "Yule wa vitambaa yuko wapi?" na hakuna aliyejua.

Nilipoona mwanamke kajifunika, nikawaza mchawi, nikawaza watu wa dini nyingine. Sikuwaza hata dakika moja kwamba anaweza kuwa wa kwetu, na kwamba anaweza kuwa ananiokoa. Wewe unayesoma, ukiwa na woga usimshike mtu kola. Woga ni shahidi muongo.

Tausi binti Abdala, mzee wako alihamisha duka mwaka ule na sikukuona tena. Nilichelewa kukutafuta kwa sababu niliogopa. Kama upo humu, andika hata nukta tu hapo chini... nami nitasema mbele ya hawa wote kwamba hukukata kitu, na kwamba mimi ndiye niliyekuharibia.