Kila Shanga Ionekane

"Nani wa mwisho?" aliuliza Yusimí, na foleni nzima ya kununua kadi za intaneti katika bustani ile ya Santiago ikageuka. Alivaa gauni la manjano lililombana kiunoni, na alijua limemkaa.

"Mimi," akajibu Leosvel, kijana mwenye kompyuta kwapani. "Na ukitaka niwe wa mwisho maishani mwako, sema tu."

"Mdomo huo! Na kazi je, unaiweza?"

Kazi aliiweza. Ndiye aliyekuwa akibana video za watu, akizipunguza uzito ili zipite kwenye intaneti ya bustani, inayotambaa. Yusimí naye alishona mavazi ya kanivali. Joho la malkia la mwaka ule alilishona peke yake, shanga elfu nne, na tamasha moja la Panama lilitaka kuliona kwa video kabla ya Ijumaa saa sita mchana. Wakilipenda, angewavika wachezaji wao wote. Video isizidi megabaiti mia. Yake ilikuwa elfu mbili na ushei, akamwachia Leosvel aibane.

Wiki nzima simu hazikulala.

"Umeamkaje, malkia wa shanga?"

"Na hamu yako. Lakini usivimbe kichwa!"

Ijumaa asubuhi Leosvel akaileta kazi nyumbani kwa Yusimí. Mwenyeji akakunja uso.

"Mbona picha umeipunguza? Odalmis mshonaji mwenzangu kapeleka kubwa!"

"Makusudi. Megabaiti ni zilezile mia. Ukizitandaza kwenye picha kubwa, shanga zinavurugika."

"Kwa hiyo mimi ndiye wa kupewa kidogo? Toka!"

Leosvel akachukua kompyuta yake, akatoka. Hakuwa mtu wa kuombea msamaha kazi nzuri.

Yusimí akakimbilia kwa fundi mwingine bustanini, akabaniwa picha kubwa kama alivyotaka. Akaifungua. Malkia alipogeuka tu, joho lote likawa uji. Ilikuwa saa tano na robo, na kilichomuuma hakikuwa joho peke yake. Akapiga simu.

"Leosvel... shanga zangu zimekuwa uji."

"Nilikwambia."

"Nimekosea. Njoo, mpenzi."

"Rudia, mtandao unakatika."

"Umenisikia vizuri, mwongo wewe!"

Akaja mbio, shati limelowa jasho. Wakaituma ile ndogo. Ilifika zikiwa zimebaki dakika nane.

Jumatatu Panama wakampigia Yusimí, Leosvel akiwa jikoni mwake anakunywa kahawa.

"Tumeona mpaka mishono," alisema mama mmoja. "Kazi ni yako. Nani kashona?"

"Mimi, Yusimí Despaigne wa Santiago. Kwa mikono yangu hii."

"Na video je? Wengine wote walituletea ukungu mtupu."

"Mume wangu," akasema Yusimí bila kupepesa, akaaga na kukata simu.

Leosvel alipaliwa na kahawa. "Mume? Tangu lini?"

"Tangu nilipoulizwa. Una pingamizi?"

"Ungeniuliza na mimi kwanza!"

"Haya, nakuuliza."

Leosvel akasimama, akachomekea shati lake vizuri, ndipo akajibu: "Nimekubali."