Mteja wa Saa Saba Mchana

Sogeeni hapa, na aliye karibu na mlango aurudishie, maana haya si maneno ya kusikiwa na kila apitaye.

Watu wanaogopa usiku. Usiku una ubaya gani? Usiku una usingizi. Ogopeni mchana mweupe, saa saba, jua limesimama utosini, barabara haina hata paka, na mtu yuko peke yake kazini anasinzia. Hiyo ndiyo saa yao.

Basi palikuwa na kinyozi. Jina alikuwa nalo, lakini mtaa mzima ulimwita Wembe, na yeye mwenyewe akaitika. Kibanda chake kilikuwa chumba kimoja: kioo kirefu ukutani, viti viwili vya kuzunguka, vile unavyovikanyaga chini vikapanda, na benchi la mbao la wanaosubiri. Lakini mkono wake, ah! Mtoto mwenye vidonda kichwani alinyolewa pale mpaka akalala. Na alikuwa na mazoea yake: akinyoa, hageuzi kichwa. Anayeingia na aingie, Wembe macho yapo kwenye kazi, atasema tu, "Karibu, keti, nitakufikia." Na akisema atakufikia, atakufikia. Uliweza kwenda sokoni ukarudi, ukakuta zamu yako bado ipo.

Shemeji yake, mdogo wa mkewe, ndiye aliyemletea ile miwani. Kijana huyo aliuza vyombo vya umeme, na kila mwezi hakosi jipya.

"Shemeji, hebu ijaribu," akamwambia. "Ukivaa hii, sinema yote iko machoni mwako. Skrini kubwa kama ukuta, na hakuna mwingine anayeona."

"Na mimi nje nitaona nini?"

"Hutaona kitu. Ndiyo raha yake."

"Raha gani hiyo ya kipofu?" akacheka mke wa Wembe, aliyekuwa amemletea mumewe chakula. "Mwanamume mzima kujifunika macho kama mtoto kwenye mchezo wa kujificha!"

"Dada, wewe endelea na redio yako."

Ilikuwa nyeusi, nene kuliko miwani ya jua, ina waya mmoja unaoingia kwenye simu, na sauti inatokea kwenye vikono vya masikioni. Wembe akaivaa. Akawekewa gemu ya magari, gari likakata kona, naye akainama nalo mpaka nusura aanguke. Akapenda. Shemeji akamwachia wiki moja, aijaribu kwa nafasi yake.

Kesho yake saa saba hakukuwa na mteja. Wembe akakaa kiti cha pili, akavaa miwani, akaweka sinema. Yuko katikati ya raha zake, akasikia nyayo. Nyayo nzito, zenye majimaji, kama za mtu aliyetoka kuoga hajajifuta. Zikaingia mlangoni. Zikasimama.

Sasa angalieni kosa. Mimi na wewe tungevua miwani tukatazama ni nani. Wembe alikuwa na mazoea ya miaka ishirini. Hakugeuza kichwa. Akasema, "Karibu, keti, nitakufikia."

Kiti cha kwanza kikalia nyiii, kikashuka.

Alipovua miwani hakuona mtu. Mlango wazi, barabara nyeupe kwa jua. Ila kile kiti kilikuwa kimeshuka mpaka chini kabisa, kama kimekaliwa na uzito wa watu watatu, na chumba kilinuka nywele zilizoungua.

"Amechoka kusubiri," akajisemea. Akakikanyaga kiti ili kipande. Hakikupanda.

Siku ya pili akavaa tena, na pale chini ya skrini, katikati, akaona kichwa. Si mnajua ukikaa ukumbini nyuma ya mtu mrefu? Basi hivyo hivyo. Kisogo cha mtu, nywele timutimu. Akasogea kushoto, kichwa nacho kushoto. Akabadilisha sinema, kichwa kipo. Akaweka gemu, gari linakimbia, na mbele ya barabara kichwa kipo kimetulia. Siku ya tatu nywele zilikuwa zimeziba nusu ya skrini.

Akampigia shemeji. "Miwani yako ina uchafu ndani."

"Uchafu gani, shemeji?"

"Uchafu wenye nywele."

Shemeji akacheka mpaka akapaliwa. "Umeshinda na vichwa vya watu mpaka unaviota umesimama! Pumzika."

Lakini wateja hawakucheka. Kila aliyekaa kiti cha kwanza aliinuka upesi akijishika nyuma. "Wembe, umemwaga maji hapa?" Hakuna maji. Mashine ikifika juu ya kiti kile inazimika, ikitoka inawaka.  Wembe hakumwambia mkewe, na hapo ndipo alipokosa mara ya pili.

Maana walikuwa na mtoto mmoja tu, binti wa miaka saba. Mama yake aliharibikiwa mimba tatu ndipo akampata yule. Mtoto alikuwa msemaji, anaongea akila, anaongea akioga, wakamwita Chiriku. Mchana wa siku ya nne akatoka shule, akapitia kibandani.

"Baba, nijaribu gemu?"

Baba yuko kwenye kichwa cha mtu, hageuki. "Jaribu."

Akamaliza kichwa kile, akashika kingine, ndipo akahisi kibanda kimepoa. Chiriku hajawahi kunyamaza muda wa kichwa kimoja, sembuse viwili. Akageuka. Mtoto alikuwa benchini, miwani usoni, mikono mapajani. Simu imeisha chaji, skrini nyeusi.

Akamvua miwani. Macho ya mtoto yalikuwa wazi, na yanakwenda. Yanakwenda kushoto, yanarudi kulia, yanapanda, yanashuka, kama mtu anayefuatisha picha, na mbele yake hakuna kitu ila ukuta.

"Chiriku! Mwanangu!"

"Baba," akasema taratibu, bila kumtazama. "Yule mzee anasema zamu yake ilipita."

"Mzee yupi, mama?"

"Aliyekaa mbele yangu. Anasema ulimwambia utamfikia."

Hakusema tena. Siku hiyo hakusema, ya pili hakusema. Na kubwa zaidi, hakufumba macho. Akilazwa, yako wazi. Akifunikwa uso kwa kanga, ukiifunua yako wazi, mekundu, yanafuata, yanafuata. Walimpeleka zahanati, daktari akammulika tochi, akasema macho mazima, akatoa dawa ya matone, na pembeni akamwambia mama, "Lakini asipofumba, yatakauka. Yakikauka hataona tena." Yule mama akarudi nyumbani akakaa chini, anamdondoshea mwanawe matone kila baada ya muda mfupi, anamfumba kope kwa vidole, na akiachia tu, kope zinarudi juu kama pazia lenye mtu nyuma yake.

"Ulimwahidi nani?" akamwuliza mumewe, kwa sauti ndogo, maana ndani ya nyumba ile hakuna aliyethubutu kuongea kwa nguvu. "Niambie. Ulimwahidi nani?"

Ndipo Wembe akasema yote.

Wakamwita mganga. Alikuwa mtu mfupi, kipara chake kinang'aa kama sahani, kwa hiyo kwa Wembe hajawahi kuwa mteja. Akaingia kibandani, akanusa, akasogeza mkono juu ya kiti cha kwanza, akaurudisha haraka kama aliyegusa chuma kwenye jiko.

"Yupo," akanong'ona.

"Mtoe basi, baba."

"Nimtoeje? Aliyeingia kwa wizi hufukuzwa. Huyu ulimkaribisha, ukampa kiti, ukamwambia utamfikia, halafu ukawa unanyoa wengine mbele yake. Amemshika mtoto kama mtu anavyokushika shati usimpite. Siwezi kumtoa mimi. Mteja hutolewa na kinyozi."

Wembe akakitazama kiti. "Nimnyoe?"

"Mnyoe. Lakini sikiliza vizuri," akamvuta sikio mpaka mdomoni. "Mnyoe vibaya. Ngazi ngazi, mashimo mashimo, kama shamba lililoliwa na panya. Mteja aliyeharibiwa kichwa anafanya nini?"

"Anaondoka anatukana. Anahamia kwa mwingine."

"Basi. Mwache ahamie."

Kesho yake saa saba wakarudishia mlango. Mama akakaa benchini, amempakata Chiriku, na yale macho yanakwenda, yanarudi. Wembe akavaa miwani. Hakuwasha simu. Hata hivyo akaona: kibanda chake kilekile, kioo kilekile, ila giza giza kama kinaonekana chini ya maji, na kitini amekaa mtu mpana, amempa mgongo, nywele zimeshuka mpaka sakafuni zikajiviringa, zinachuruzika.

"Mume wangu," mkewe akanong'ona, "mkono unakutetemeka."

"Nyamaza. Usimstue."

Akamfunga kitambaa shingoni. Mkewe, asiye na miwani, aliona kitambaa kikisimama chenyewe juu ya kiti kitupu, akauma kanga yake. Mashine ikawaka. Na safari hii haikuzimika, ikazama ndani ya zile nywele na kulia kama nyuki kwenye mzinga, na nywele zikaanza kuanguka, na mkewe aliziona zikiangukia sakafuni kutoka hewani, ndefu, nene kama uzi wa nyavu, zimelowa, zinanuka kuungua ijapokuwa zina maji, na Wembe akakata hovyo kama alivyoambiwa, shimo hapa, ngazi pale, jasho linamwingia machoni ndani ya miwani na hawezi kulifuta, akazunguka mbele anyoe upande wa paji la uso, na hakukuta paji wala uso, kule mbele nako palikuwa kisogo, akarudi nyuma, kisogo, akaenda mbele tena, kisogo, na moyo ukampiga mpaka akausikia kwenye meno.

Akasimama. Kichwa kilikuwa kibaya kweli. Angeweka mashine chini hapo, mambo yangekwisha.

Lakini nyuma ya sikio la kushoto palikuwa na mstari umepinda. Mstari mmoja. Akautazama. Miaka ishirini hajawahi kumwachia mtu mstari uliopinda, hata mlevi, hata mtu aliyemtukania mama. Mkono ukaenda wenyewe. Akaunyoosha kidogo tu. Sasa wa kushoto umenyooka, wa kulia unachekesha. Akaunyoosha na wa kulia. Hapo lile shimo la utosini likaonekana zaidi, akalifuta. Akashusha pembeni, akapandisha taratibu, akachukua wembe akachonga shingo, akapangusa kwa brashi, akapaka poda, na mkono haukutetemeka tena hata chembe, mpaka alipomaliza kichwa kilikuwa kama yai. Katika maisha yake hajawahi kunyoa vile.

Mkono mrefu ukainuka, ukajipapasa kichwa, polepole, mbele na nyuma. Na kwenye vikono vya miwani, masikio yote mawili, sauti ikasema, "Una mkono mwepesi."

Kiti kikapanda chenyewe, nyiii. Nyayo zikatoka.

"Mama, nina kiu," akasema Chiriku. Akafumba macho, akafumbua, akafumba tena. "Mbona nywele zote hizi? Mama, mbona unalia? Baba, leo shule mwalimu alisema..." Na akaongea, akaongea, mpaka akalala anaongea, na wazazi wakakaa kila upande wakizitazama zile kope zilizofumba kama watu wanaoota moto.

Jioni mganga akaja. Akamwangalia mtoto, akatikisa kichwa kwa furaha. "Ulimharibu?"

Wembe akatazama chini. "Nilianza kumharibu."

 Mganga akachukua viatu vyake akaenda zake.

Asubuhi yake Wembe aliirudisha miwani kwenye boksi, akakunja waya vizuri, amrudishie shemeji. Akanyoa watu wanne, wote wakakaa kiti cha kwanza, hakuna aliyelalamika. Saa saba ikafika, kibanda kikawa kitupu. Akasikia nyayo.

Si za mtu mmoja. Ziliingia, zikafuatana, nyingine nyepesi, nyingine za kuburuta. Benchi likalia mwishoni, likalia katikati, likalia tena, kama watu wanavyobanana kumpisha mwenzao aliyechelewa. Likapinda katikati. Hakuna aliyeonekana. Harufu ikajaa mpaka mdomoni.

Na hapo mkewe akatokea mlangoni mbio, miguu peku, amembeba mtoto. "Alikuwa anakula," akasema kwa pumzi iliyokatika. "Alikuwa ananisimulia jambo. Akanyamaza katikati ya neno."

Macho ya Chiriku yalikuwa yanakwenda kushoto, yanarudi kulia.

Wembe akamtazama mwanawe. Akatazama benchi. Fundi mzuri hajitangazi, anatangazwa na vichwa alivyonyoa. Akafungua boksi, akavaa miwani, akakung'uta kitambaa. Akasema kwa sauti ndogo, "Nani wa kwanza?"

Mtoto ni mzima, tena ameshakuwa mkubwa, na mdomo wake bado haupumziki. Wembe ndiye hana mapumziko ya mchana. Ukipita pale saa saba utakuta mlango umerudishiwa, na vijana wanachungulia dirishani, wanasukumana. Wanamwona amevaa miwani yake nyeusi, mashine iko juu, anakizunguka kiti kitupu, anainama, anapuliza hewa, anainama tena. Wanacheka mpaka wanashikana.

"Mwacheni mzee," wanaambiana, "yuko kwenye gemu."

Wangesubiri kidogo, wangemwona mkewe akiingia na ufagio.