Namba Iliyoandikwa Ukutani

Kila asubuhi, ukungu ukiwa bado umelala mabondeni mwa kijiji cha Kwai, Beatha alifungua kituo cha maziwa. Mtoto wake Glory alikuwa mgongoni, amefungwa kwa kanga na kufunikwa blanketi dogo. Wafugaji walifika mmoja mmoja na keni zao za maziwa. Wengine walizibeba kichwani, wengine walizifunga kwenye pikipiki. Walisalimiana Kishambaa, wakapiga soga, wakasubiri zamu.

Kabla ya kupokea keni yoyote, Beatha alifungua kishikwambi cha kituo. Humo mlikuwa na orodha ya ng'ombe waliochomwa sindano. Ng'ombe akiwa kwenye dawa, maziwa yake hayapokelewi mpaka siku alizopanga daktari wa mifugo ziishe. Keni moja yenye dawa ikimwagwa kwenye tangi, tangi zima limeharibika. Kiwanda kilikuwa kimeshaonya: dawa ikionekana tena mara moja tu, maziwa ya Kwai hayachukuliwi. Na familia sitini zilitegemea tangi lile.

Kishikwambi kilikuwa mali ya kikundi. Siku kilipoletwa, mwenyekiti, mzee Yeremia, alisema, "Hiki ni cha wote." Basi namba ya kukifungulia ikaandikwa kwa chaki ukutani, juu ya bomba la kuoshea keni. Moja, mbili, tatu, nne. Aliyesubiri zamu alikichukua, akatazama video za kwaya, akampiga picha ndama wake.

Siku moja Beatha alijipa moyo. "Shikamoo mzee. Naona tungeifuta hiyo namba."

"Marahaba, mwanangu. Tuifute kwa nini? Huku kwetu nani anafunga mlango mchana? Ukimfungia mwenzako, umemwita mwizi."

Beatha akarudi kwenye keni zake. Hakutaka kumjibu mzee mara mbili.

Jumanne iliyofuata, keni kumi na tisa zilikuwa zimepangwa mlangoni. Beatha alifungua kishikwambi. Orodha haikuwapo. Alitafuta juu, akatafuta chini. Aliona video za kwaya tu.

"Nani alikishika jana jioni?" aliuliza kwa upole.

Mzee Yohane, mwimba besi wa kwaya ya usharika, alikohoa. "Ni mimi, binti. Kiliniambia kimejaa. Nami nilitaka kuweka video yetu ya Pasaka. Nikafuta vitu visivyokuwa na picha. Nilidhani ni takataka."

"Babu, umefuta orodha ya dawa za ng'ombe wa kijiji kizima," alisema Jackline, mama aliyekuwa wa pili kwenye foleni. "Tena kwa ajili ya besi ambayo hata haisikiki."

Watu walicheka, lakini kicheko kilikatika upesi. Lori la kiwanda lilikuwa njiani.

"Tuulizane kwa mdomo," Jackline alisema. "Kila mtu anamjua ng'ombe wake."

"Wangu mzima," alisema mzee Yohane. "Jana kala mpaka kabakiza ndoo." Akainua keni yake.

Beatha aliweka mkono juu ya mfuniko wa tangi. Ulikuwa mkono mdogo. Haukuondoka.

"Nisamehe, babu. Leo hamwagi mtu mpaka daktari afike."

"Mimi ni mwongo?"

"Hapana, babu. Wewe si mwongo. Ila tangi halijui heshima."

Alimpigia Sesilia, afisa mifugo wa kata, ambaye watu wote walimwita daktari. Sesilia alikuwa kule Shume, akimzalisha ng'ombe. "Usimwage hata tone," alijibu. "Nakuja."

Lori lilifika kabla yake. Zuberi, dereva, alitazama saa, akatazama keni, akatazama saa tena. "Mama Glory, nina vituo vinne mbele."

"Naomba nusu saa, kaka. Ukiondoka na maziwa mabaya, utarudi kutuambia kwaheri."

Zuberi alizima injini.

Sesilia aliingia na pikipiki, matope mpaka magotini. Alitoa daftari lake la sindano, akasoma. Wawili wa kwanza walikuwa ng'ombe ambao wenye nao hawakuleta maziwa siku hiyo. Kisha akasoma wa tatu. "Maua, wa mzee Yohane. Sindano ya ugonjwa wa kiwele. Bado siku mbili."

Mzee Yohane aliketi juu ya keni yake. "Lakini amepona."

"Amepona, babu. Dawa bado imo kwenye maziwa."

Mzee alimgeukia Beatha. "Binti," alisema, "umetuokoa na mimi."

Maziwa mengine yaliingia, yakapimwa, yakawa safi. Lori likaondoka. Sesilia alinawa mikono pale bombani, akaiona namba ukutani. Akamgeukia mwenyekiti, aliyekuwa naye ameleta keni yake.

"Mzee Yeremia, banda lako la ng'ombe lina komeo?"

"Linalo."

"Unawafungia majirani?"

"Majirani wa nini? Namfungia ndama asitoke."

"Basi na hapa ni hivyo hivyo. Mzee Yohane si mwizi. Lakini ndama ametoka."

Mzee Yeremia alikuna kidevu. Alichukua kitambaa kibichi, akaifuta namba kwa mkono wake mwenyewe.

Sesilia alimwonyesha Beatha la kufanya, hatua kwa hatua. Kwanza, namba mpya ya tarakimu sita. "Isiwe mwaka wa kuzaliwa, wala namba zinazofuatana. Uijue wewe na yule anayekushikia zamu usipokuwapo, basi. Usiniambie hata mimi." Akageuza uso wakati Beatha akibonyeza. Kisha wakakipanga kioo kijifunge chenyewe baada ya dakika moja.

"Na kwaya yetu?" aliuliza mzee Yohane kwa sauti ndogo.

"Kwaya itakaa upande wa wageni, usiohitaji namba, babu," alisema Sesilia. " Utaingia huko, utaimba utakavyo. Vitu vya kazi hutaviona, kwa hiyo huwezi kuvifuta."

"Hata nikiimba kwa nguvu?"

"Hata ukiimba kwa nguvu."

Wakaondoa michezo isiyo na kazi. Wakafungua akaunti ya kikundi, wakaandika orodha upya, wakaihifadhi mtandaoni. Sesilia aliiunganisha akaunti hiyo na simu ya Beatha na ya mwenyekiti. Beatha alipoandika "Maua" kwenye kishikwambi, jina likatokea kwenye simu ya mzee Yeremia. Mzee aliinua simu juu, akaitazama kama mtu aliyeona kifaranga kikitoka kwenye yai.

"Mwisho, muwe na tahadhari," alisema Sesilia. "Ujumbe ukisema mmeshinda zawadi, msiubonyeze. Mtu akipiga simu na kutaka tarakimu mlizotumiwa kwa ujumbe, mkatalieni, hata akisema yeye ni wa kampuni ya simu."

Miezi miwili ilipita. Beatha alishuka sokoni Mazinde kununua sabuni ya kuoshea keni, kishikwambi kikiwa mkobani kwa kuwa hakutaka kukiacha kituoni. Alipotaka kulipa, mkoba wake ulikuwa umechanwa kwa wembe. Kishikwambi hakikuwamo. Alimkumbatia Glory, akahisi machozi yakimjia. Kisha akatoa simu yake mfukoni, akampigia mwenyekiti.

"Shikamoo mzee. Nimeibiwa kishikwambi."

"Marahaba. Wewe na mtoto ni wazima?"

"Wazima, mzee."

"Basi niambie nibonyeze wapi."

Beatha alimwelekeza polepole. Ingia kwenye akaunti ya kikundi. Tafuta kifaa kilichopotea. Mzee alihema, akakosea, akarudia.

"Inasema nifute kila kilichomo."

"Kifute, mzee. Kikiingia tu mtandaoni, kitajifuta. Na namba ya siri wezi hawaijui."

"Na orodha je? Si nitakuwa kama Yohane?"

"Orodha unayo mkononi mwako, mzee."

Asubuhi iliyofuata ukungu ulikuwa mzito. Mzee Yeremia alisimama mlangoni pa kituo kando ya Beatha, simu mkononi, miwani puani. Kila keni ilipofika aliita jina la ng'ombe wake kama mchungaji anayeita watoto wa kipaimara, na alipoona halimo kwenye orodha, Beatha akapokea. Ilipofika zamu ya mzee Yohane, mwenyekiti alishusha kidole kwenye kioo, mstari kwa mstari, bila haraka.

"Maua hayumo," alisema. "Mwaga, ndugu yangu."

Maziwa yakashuka tangini, meupe, yakitoa mvuke.